Hospitali iliyomfunza Fanon kukaa kikao na wauguzi

Tarehe 20 Julai 2025 ilitimia karne moja tangu Frantz Fanon azaliwe kisiwani Martinique, na kama ilivyo ada aliyekumbukwa zaidi ni mpigania uhuru: sauti ya vita vya Algeria, mwandishi wa kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, mtu aliyefariki akiwa na miaka 36 tu. Daktari Fanon aliachwa pembeni, na waliomfunza kazi hawakutajwa kabisa. Kati ya mwaka 1952 na 1953, kabla hajavuka bahari kwenda Algeria, Fanon alikuwa Saint-Alban, hospitali ya umma ya wagonjwa wa akili katika milima ya Lozère, kusini mwa Ufaransa. Huko alilikuta kundi la matabibu waliokuwa wakitumia uchanganuzi wa nafsi, yaani tiba ya mazungumzo iliyoasisiwa na Sigmund Freud, si kwa matajiri wa mjini bali kwa maskini waliofungiwa wodini. Wengi wanaosimulia habari hiyo husifu nadharia zao. Ukifuata ushahidi, hata hivyo, utaona kwamba kilichoigeuza hospitali hiyo ni jambo la kawaida zaidi: desturi ya wafanyakazi kukutana, na ujasiri wa kumkaribisha muuguzi na mgonjwa barazani.

Mwanahistoria Camille Robcis, ambaye kitabu chake Disalienation cha mwaka 2021 kimeifuatilia habari hii kwa kina, anaanza na François Tosquelles, daktari Mkatalani kutoka mji wa Reus. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, Tosquelles alisimamia huduma ya akili ya jeshi la Jamhuri. Badala ya kusaka wataalamu aliajiri mapadri, wanasheria, wachoraji, hata makahaba, kwa kuwa alitaka watu waliozoea kuishi na watu. Jenerali Franco aliposhinda, Tosquelles alikimbilia Ufaransa akawekwa katika kambi ya wakimbizi ya Septfonds, na humo humo kwenye matope akaanza kuwatibu wenzake. Mwaka 1940 aliitwa Saint-Alban. Vyeti vyake vya Hispania havikutambuliwa, ikambidi aanze ngazi za chini na kurudia masomo ya udaktari. Jambo hilo lina uzito wake katika habari hii, kwani mtu aliyekuja kuwa mwalimu wa kundi zima alikwisha kuonja hali ya anayefanya kazi bila kuhesabiwa kuwa mtaalamu.

Kisha ikaja njaa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, chini ya utawala wa Vichy uliokuwa ukishirikiana na Wajerumani, wagonjwa wapatao 45,000 walikufa kwa njaa na maradhi yanayoandamana nayo katika hospitali za akili za Ufaransa. Saint-Alban iliokoa wengi wa watu wake kwa kuwa milango ilifunguliwa: wagonjwa walikwenda kuwasaidia wakulima wa jirani wakarudi na chakula, wakafundishwa kutambua uyoga unaolika, na wauguzi wakashirikiana na wanakijiji kutafuta mahitaji kwa njia za magendo. Usiku, madaktari wakiongozwa na Tosquelles na Lucien Bonnafé, mkomunisti aliyekuwa mkuu wa hospitali kuanzia mwaka 1943, waliketi kujadili upya hospitali inapaswa kuwa nini, huku wakisubiri ndege za Washirika ziwadondoshee silaha wapiganaji wa msituni. Kikao hicho walikiita Chama cha Gévaudan, kwa jina la kale la eneo lile. Kuna wanaosema kwamba mikutano ya namna hii ni anasa ya nchi zenye fedha. Jibu ni kwamba ilianza katika hospitali ya kijijini, ndani ya moja ya mikoa maskini ya Ufaransa, katika miaka ambayo mkate wenyewe ulikuwa wa shida. Walichokuwa nacho ni muda wa kusikilizana, na muda huo waliuiba usiku.

Baada ya vita mambo yalikwenda haraka. Wagonjwa wakawa na klabu yao wenyewe na gazeti lao, mafunzo ya wauguzi wa wodi za akili yakaanza mwaka 1949 kwa juhudi za Germaine Le Guillant na daktari Georges Daumezon, na mwaka 1952 Daumezon na mwenzake wakaipa kazi hii jina la tiba-nafsi ya kitaasisi. Lakini mtandao wa matabibu hawa ulipokua ukafika kwenye mwiba wake. Mwaka 1957 Daumezon aliwakusanya madaktari wa hospitali za umma huko Sèvres, karibu na Paris, na ndani ya miaka miwili kundi likavunjika kwa swali moja: je, muuguzi anaweza kushiriki katika tiba ya nafsi?

Inafaa kulitazama swali hilo kwa haki, kwa sababu waliokataa walikuwa na hoja ya kweli. Uchanganuzi wa nafsi huamsha mapenzi na chuki za utotoni, na mgonjwa humtwika tabibu hisia alizokuwa nazo kwa baba au mama. Asiyefunzwa kuubeba mzigo huo anaweza kulipiza, au kunaswa katika mapenzi, na atakayeumia ni mgonjwa. Ndiyo maana tabibu husomea kazi hii kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe hutakiwa kwanza kulala kwenye kochi la mwenzake. Wenzao wa upande wa Saint-Alban waliutazama ukweli huo huo wakafikia hitimisho jingine. Mgonjwa wa wodini, hasa aliyevunjika sana, hamsubiri daktari wa saa tatu asubuhi ndipo atoe hisia zake. Humtupia anayemwogesha, anayemgawia uji, anayemfungia mlango usiku. Muuguzi yumo ndani ya tiba atake asitake. Basi cha kuamua ni kama atakuwemo peke yake gizani, au atakuwa na mahali pa kuyaleta yaliyompata na kuyafikiri pamoja na wenzake. Kwa maoni yangu hoja hii ya pili ina nguvu zaidi, kwa kuwa hatari iliyotajwa na upande wa kwanza haiondoki kwa kumfungia muuguzi mlango wa kikao. Ikifichwa, huzidi. Mwaka 1960 Tosquelles, daktari mwenzake Jean Oury na wengine waliunda kundi jipya la kazi, likaendelea kukutana kwa miaka kadhaa, nalo pia, kwa bahati mbaya, wengi wa wanachama wake walikuwa madaktari.

Pingamizi jingine husikika zaidi kwetu: kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Hapa shahidi ni Fanon mwenyewe. Alipofika hospitali ya Blida mwishoni mwa 1953 alikabidhiwa wodi ya wanawake 165 wa Kizungu na wodi za wanaume Waislamu 220, akaanzisha kote aliyoyaona Saint-Alban: mikutano, sherehe, kwaya. Wanawake wakachangamka, wanaume hawakutikisika. Mwaka 1954 yeye na mwanagenzi wake wa udaktari, Jacques Azoulay, walichapisha makala wakikiri wazi kwamba kosa lilikuwa lao: walileta desturi za Ulaya kwa watu wenye desturi zao, tena kwa kupitia mkalimani. Wakarekebisha kwa kufungua mkahawa wa Kiarabu, kuadhimisha sikukuu za Kiislamu na kumwalika msimulizi wa hadithi. Kilichoshindikana ni kwaya. Kikao chenyewe kilipata uhai pale kilipoketishwa mahali ambapo watu wale walikuwa wamezoea kuketi.

Lipime hilo na yaliyoandikwa juu ya Waafrika miaka hiyo hiyo. J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya akili ya Mathari jijini Nairobi, alichapishiwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kitabu kilichodai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na mwaka uliofuata akaifasiri Mau Mau kama tatizo la saikolojia. Fanon alimjibu kwa ukali katika Viumbe Waliolaaniwa. Tofauti ya madaktari hawa wawili haikuwa ya elimu, maana wote walisoma. Fanon alikuwa ameshazoea kufanya kazi mahali ambapo wodi inaweza kumsahihisha daktari. Inasikitisha kwamba kwetu muuguzi wa wodi ya akili, anayekaa na mgonjwa kuliko mtu yeyote, mara nyingi hubaki zamu wataalamu wanapokwenda kongamanoni kumjadili mgonjwa huyo huyo.

Nako Ufaransa, mwaka 1960 serikali ilipitisha mpango wa kuigawa nchi katika maeneo, ili tiba imfuate mgonjwa nyumbani, na miongo iliyofuata ikaleta dawa mpya na bajeti za kubana. Hospitali ya Saint-Alban leo ina jina la François Tosquelles. Jijini Paris, juu ya mto Seine, kinaelea kituo cha kutwa kiitwacho Adamant, ambacho filamu ya Nicolas Philibert kukihusu ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Berlin mwaka 2023. Humo wagonjwa na wafanyakazi huketi kikao kimoja kupanga shughuli zao, na hesabu za mkahawa hupigwa na wagonjwa.