Golbanti na Homa ya Ini Isiyoonekana
Golbanti, kando ya Mto Tana, iliingia katika maandishi ya wamisionari wa Kimethodisti miaka ya 1880, na mauaji ya mmoja wao, John Houghton, na mkewe mwaka 1886 yakaandikwa kwa kina, ilhali virusi visivyoonekana vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, vilianza kutambuliwa miaka ya 1960 tu, kupitia kazi ya mwanasayansi Baruch Blumberg. Kama ugonjwa huo sugu huongeza uwezekano wa kuzaa njiti, yaani mtoto wa kabla ya wiki 37, tafiti bado hazikubaliani. Lakini kwamba mama huweza kumwambukiza mtoto anapojifungua, hapana ubishi. Kenya ilianza kuwachanja watoto wote dhidi ya virusi hivyo mwaka 2001, dozi ya kwanza ikitolewa katika wiki ya 6.