Mazuku: namna sayansi ilivyoshuka mlimani ikaingia mtaani

Watu wa Goma tuna neno moja ambalo wataalamu wa volkano dunia nzima wamelichukua vile lilivyo: mazuku. Fungua maandishi yao ya Kifaransa au ya Kiingereza, utalikuta humo katikati, bila kutafsiriwa. Kwa wazee lilikuwa jina la upepo mbaya, ile hewa isiyoonekana inayoua mbuzi bondeni asubuhi, kabla jua halijapanda. Maprofesa walipokuja na vipimo vyao wakakuta ni kaboni dioksaidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inalala kwenye mashimo kama maji. Upepo ukiamka, inatawanyika. Ndiyo maana mtoto anaweza kuanguka wakati mama yake aliyesimama bado anapumua.

Ninaanza na neno hili kwa sababu historia ya sayansi kuzungumzwa mbele ya watu wa kawaida kwetu husimuliwa kama vile wageni walileta elimu, sisi tukanyoosha mikono tu. Haikuwa hivyo.

Nyiragongo una mita 3,470 na uko kilomita kama 18 kaskazini ya mji. Mwaka 1948 Haroun Tazieff alichungulia ndani yake akaona ziwa la lava. Aliandika vitabu, akatengeneza filamu, na watu wa Ulaya wakauona moto wetu wakiwa wameketi kwenye sinema. Lakini mlimaji wa chini ya mlima je? Mlima wenyewe ulikuwa ndani ya Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa 1925, ambayo leo ni Virunga. Sijawahi kukutana na mzee wa kwetu aliyeniambia kwamba zamani zile aliitwa akaketishwa aelezwe mlima unafanya nini.

Tarehe 10 Januari 1977 mlima ulipasuka ubavuni. Ziwa lile la lava likamwagika kwa muda usiofika saa moja, laini, lenye mbio kuliko mtu. Kituo cha kuchunguza volkano kikaanzishwa Goma mwaka 1986. Halafu vita vikaja, na wafanyakazi wake wakaendelea bila mshahara, na mashine chache. Mwanzoni mwa 2002 Dieudonné Wafula na wenzake waliona dalili, wakatoa tahadhari. Wakubwa hawakuitilia maanani. Tarehe 17 Januari lava iliingia mjini, na haikutoka kileleni kama wengi tulivyodhani ingekuwa. Ardhi ilipasuka kushuka mpaka Munigi, jirani na uwanja wa ndege. Watu laki kadhaa wakavuka kwenda Gisenyi, Rwanda.

Ni baada ya hapo sayansi ilishuka kweli mtaani. Kwenye redio, mashuleni, makanisani. Mjini zikawekwa bendera za rangi: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Hata asiyejua kusoma alijua mlima umeamkaje.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka jioni moja katika sala ya parokia, mtaalamu mmoja alianza na Kifaransa chake kizuri. Watu kimya. Mama mmoja, muuza maharagwe, akasimama: “Papa, utuambie mu Swahili, batu basikie.” Akacheka, akaweka karatasi chini. Akawasha mshumaa mfupi ndani ya beseni, kando yake akamwaga siki juu ya magadi. Povu likapanda, na baada ya kidogo mshumaa ukazimika pasipo mtu kuupuliza. Hapo ndipo ukimya ukawa wa aina nyingine. Mama yule akauliza tena: “Siye tunaenda shamba bado giza. Tutajua namna gani?” Akajibiwa: “Pahali munaona panya na ndege bamekufa, musishuke.” Sentensi moja, na kila mtu alienda nayo nyumbani.

Lakini elimu ya namna hii, kama moto wa jikoni, ikiachwa inazimika. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima ulilipuka bila onyo. Kabla ya hapo kituo kilikuwa kimeishiwa pesa, hata za intaneti ya kupokea habari za mashine zake. Lava ilifika Buhene, mlangoni mwa mji. Watu wapatao 32 wakafa. Tarehe 27 ikatoka amri ya kuhamisha mitaa 10, na barabara ya Sake ikajaa godoro na watoto. Wengi walikimbia bila kuelewa wanakimbia nini, maana lava ilikuwa imeshasimama. Hofu ilikuwa ya moto ulio chini ya mji na chini ya ziwa. Jambo la hivyo halielezeki ndani ya usiku mmoja. Linahitaji miaka ya jioni kama ile ya beseni.

Sasa nifike kwetu sisi wakimbizi. Mazuku iko sana upande wa magharibi wa Goma, Mugunga, Bulengo, kandokando ya Lac Vert. Ni huko huko wakimbizi wa Rwanda walipigishwa kambi mwaka 1994, na ni huko watu wetu waliohamishwa na vita wamelala kwenye turubai miaka hii ya karibuni. Mwenyeji anajua shimo lipi halilaliwi. Mgeni anaona pahali pazuri, pasipo upepo. Mtu akikimbia anabeba sufuria na mtoto, ila ujuzi wa ardhi yake hauna kazi pale anapofikia, na wa ardhi mpya hana.

Hapa Nakivale nasikia wanaosema mkimbizi apewe unga kwanza, mambo ya sayansi ni ya wenye nafasi. Mimi naona kinyume. Unga unaweza kufika, turubai ikafika, lakini kama hakuna aliyefika kusema kwa lugha ya watu, “hapa musilale”, usiku huo ni mrefu sana.