Nani awe kocha wa Léopards? Mabishano ya wapenzi wa mupira na yale historia inaonyesha

Kila mara Léopards wanapopoteza mechi mbili zikifuatana, mazungumzo ni yale yale, ikuwe Goma, Bukavu, Bunia ao Kindu. Kwenye parking ya wamotari, kwenye nganda, mbele ya kanisa kisha misa, kila mutu ana kocha wake kichwani. Mmoja anasema: "Watupatie Mukongomani, huyo anajua sisi." Mwengine anajibu: "Wakongomani tuliwajaribu, ilileta nini?" Wa tatu anataka jina kubwa, mutu ambaye wachezaji wa Ulaya watamuogopa.

Mabishano haya si ya jana. Hapa chini ni mambo ambayo yanaweza kusaidia kila mutu kubishana akijua.

Juni 2022: mwezi wa aibu

Mfano ulio karibu zaidi ni ule wa mwaka 2022. Kocha alikuwa Héctor Cúper, mutu wa Argentina. Jina lake lilikuwa kubwa kweli: alipeleka Valencia ya Hispania kwenye finali mbili za Ligi ya mabingwa ya Ulaya, mwaka 2000 na 2001, kisha akapeleka Misri kwenye finali ya Kombe la Afrika (CAN) 2017 na kwenye Kombe la dunia 2018.

Alichukua Léopards mwaka 2021, kisha Kongo kukosa tikiti ya CAN iliyochezwa Kamerun. Mwanzo haukuwa mubaya. Kongo iliifunga Tanzania 3-0 kule Dar es Salaam, ikaifunga Benin 2-0 Kinshasa, ikaongoza kundi lake. Ilibaki Moroko tu mbele ya Kombe la dunia la Qatar. Mechi ya Kinshasa ilikuwa 1-1. Ile ya Casablanca, Kongo ilikula 4-1. Ndoto ikaishia pale.

Juni 2022 ikaongeza chumvi kwenye kidonda: Gabon ilishinda 1-0 hapa Kinshasa, kisha Sudan ikashinda 2-1. Mechi mbili za kutafuta CAN, pointi sufuri. Cúper akafukuzwa, na nchi nzima ikaanza kutafuta kocha kwa mudomo.

Nani anachagua kocha?

Wapenzi wengi wanasema "FECOFA ituletee kocha", lakini mambo iko na vichwa viwili. FECOFA ni shirikisho la kabumbu: ndiyo inasimamia ekipe ya taifa na ndiyo inajulikana na FIFA. Lakini mushahara wa kocha unatoka kwa serkali, kupitia wizara ya michezo. Kwa hiyo kocha hapati kazi kama pande hizo mbili hazijasikilizana, na akipata kazi anategemea zote mbili: huku kwa kupanga mechi na kambi, kule kwa franga na ndege. Pande hizo zikigombana, mutu wa kwanza kuumia ni kocha, na wa pili ni ekipe.

Kambi ya kwanza: "Tunataka Mukongomani"

Kambi hii iko na ushahidi. Mwaka 1998, kule Burkina Faso, Louis Watunda alipeleka Kongo kwenye nafasi ya tatu ya CAN. Mechi ile wazee hawaisahau: Kongo ilikuwa nyuma 4-1 mbele ya wenyeji, ikarudisha magoli yote mpaka 4-4, ikashinda kwa penalti.

Kisha akakuja Florent Ibenge, aliyeshika ekipe toka 2014 mpaka 2019. Yeye pia alileta nafasi ya tatu, kwenye CAN 2015. Mwaka 2016 akachukua CHAN, kombe la wale wanaocheza ndani ya nchi zao, kwa kuifunga Mali 3-0 kwenye finali kule Kigali. Wakati huo huo alikuwa kocha wa AS Vita Club, kwa hiyo wachezaji wa ndani aliwajua mmoja mmoja.

Lakini Ibenge huyo huyo alitolewa na Madagascar kwa penalti kwenye CAN 2019. Christian Nsengi-Biembe, Mukongomani aliyemufuata, hakupata tikiti ya CAN iliyofuata: Gabon ilimufunga 3-0 Machi 2021. Pasipoti ya Kongo haikumuokoa.

Kambi ya pili: "Muzungu ndiye anajua"

Nao wana la kusema. Makombe mawili makubwa ya Kongo, CAN 1968 na CAN 1974, yalikuja na makocha wa kigeni: Ferenc Csanádi wa Hungaria, na Blagoje Vidinić wa Yugoslavia. Vidinić ndiye alipeleka Zaïre kwenye Kombe la dunia 1974 kule Ujerumani ya Magharibi. Lakini hapo pia kuna upande wa pili: 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Kocha yule yule, mwaka ule ule: kombe la Afrika Machi, machozi Juni.

Kambi ya tatu: "Tuletee jina kubwa"

Jina kubwa Kongo ilishapata. Claude Le Roy, Mufaransa aliyechukua CAN 1988 na Kamerun, alikuja mara mbili. Mwaka 2006 alifika robo finali. Mwaka 2013 alitoka mapema, bila kupoteza hata mechi moja: 2-2 na Ghana, 0-0 na Niger, 1-1 na Mali. Cúper pia alikuwa jina kubwa, na mwisho wake tumeuona.

Jibu la Agosti 2022

Yule aliyechaguliwa, Sébastien Desabre, hakuingia kwa urahisi katika kambi yoyote. Ni Mufaransa, lakini jina lake halikuwa la kutisha. Alikuwa anatoka Niort, ekipe ya divizio ya pili Ufaransa. Mbele ya pale alipita kwa ASEC ya Abidjan, Coton Sport ya Kamerun, Espérance ya Tunis na Wydad ya Casablanca. Na kuna kitu kimoja kilichouma: ndiye alikuwa kocha wa Uganda ilipoifunga Kongo 2-0 kwenye CAN 2019. Kuleta mutu aliyekupiga, si kila shabiki anaweza kumeza.

Alikuta pointi sufuri. Kongo haikupoteza tena mechi katika kundi lile: iliifunga Gabon 2-0 kwao Franceville, na Sudan 2-0 Kinshasa.

Kwenye CAN kule Côte d'Ivoire, mwanzo wa 2024, Léopards walitoka sare mara tatu: Zambia, Moroko, Tanzania. Sare tatu kama zile za Le Roy mwaka 2013! Safari hii zilitosha kuwapa nafasi ya pili katika kundi. Kisha wakaitoa Misri kwa penalti, kipa Lionel Mpasi akifunga ile ya mwisho yeye mwenyewe, wakaifunga Guinea 3-1, wakafika nusu finali. Mwaka 2013 sare tatu zilifanya watu waseme kocha hafai. Mwaka 2024 sare tatu zilifungua mulango. Kati ya kocha mubaya na kocha muzuri, wakati mwengine kuna goli moja la jirani.

Kitu kingine kilichobadilika ni wachezaji. Wakongomani waliokulia Ulaya walianza kuitikia mwito mmoja mmoja. Axel Tuanzebe, aliyezaliwa Bunia na kukulia Uingereza, naye akavaa maillot ya Léopards. Kocha wa leo hafundishi tu, anabembeleza pia.

Novemba 2025, Desabre akiwa bado pale, Kongo iliitoa Kamerun 1-0, kisha Nigeria kwa penalti, katika njia ya Kombe la dunia 2026.

Maswali ya kuuliza mbele ya kutaja jina

Ukiangalia wote hao, hakuna kambi inayoshinda. Wakongomani wamefaulu na wameanguka. Wageni vile vile. Kitu kinachorudi ni wakati na utulivu: Ibenge alipewa miaka mitano, Desabre alipita miaka mitatu, Cúper alipata kama mwaka mmoja tu. Basi, siku Léopards wataanguka tena, kwa sababu kila ekipe huanguka, shabiki anaweza kuuliza hivi:

– Kocha huyu atapewa muda gani, na nani atamulipa kwa wakati?
– Anajua mupira wa Afrika: joto, safari, viwanja?
– Atafuata wachezaji wa ndani, ao ataangalia Ulaya tu?
– Yule tunayemufukuza, kosa ni lake kweli, ao ni la wale walio juu yake?

Kwa watu wa mashariki, swali hili si la kupitisha wakati tu. Tarehe 7 Februari 2024, mbele ya nusu finali na Côte d'Ivoire, wachezaji waliziba midomo kwa mukono na kuweka vidole kichwani kama bunduki, ili dunia ione mauaji ya mashariki ambayo inanyamazia. Siku hizo mapigano yalikuwa karibu na Sake. Kongo ilipoteza 1-0. Lakini ili kusimama pale, mbele ya kamera za dunia nzima, ilihitaji kwanza kufika nusu finali. Ndiyo maana watu wa Goma na Bukavu wanabishana juu ya kocha kwa nguvu vile: ekipe ikibaki nyumbani, hata ile sauti inabaki nyumbani.