Kabla ya gramu palikuwa na frasila: hesabu ya uzito kwenye njia ya Tabora

Muulize mwendesha baiskeli wa mashindano kuhusu usukani wake, atakujibu kwa gramu. Wa alumini ni gramu 300 hivi, wa nyuzi za kaboni unakaribia 200. Halafu atakuja kwenye shingo, yaani kile kipande kifupi kinachoshika usukani na kuuunganisha na fremu. Akishachagua vyote viwili, anakaa chini kufuta nembo za kampuni. Unaweza kucheka. Lakini swali lake, "nipunguze nini na nibakize nini?", ni la zamani sana hapa kwetu, na waliolijibu kwanza walilijibu kwa mabega yao.

Twende karne ya 19, kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Kipimo kilikuwa frasila: ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili. Juu yake aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, silaha, na posho ya siku kadhaa.

Wanyamwezi walizoea kubeba begani. Nguo zilifungwa kuwa mtumba mrefu na mwembamba, ukakazwa kwa vijiti vilivyotokeza upande mmoja. Wakati wa kupumzika mtumba uliegemezwa kwenye mti bila kugusa ardhi, na kuurudisha begani kukawa rahisi. (Ndiyo, neno ni lilelile. Mitumba unayonunua sokoni leo imerithi jina la mzigo wa mpagazi.)

Sasa tuingize fiziolojia kidogo. Mwaka 1986, Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wanaobeba mizigo. Waligundua kwamba wanawake hao wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nishati ya ziada inayopimika. Mzigo ukizidi hapo, gharama inaanza kupanda. Tuchukue mtu wa kilo 60: asilimia 20 yake ni kilo 12. Mpagazi wa uzito huo aliyebeba kilo 30 alikuwa amebeba nusu ya mwili wake. Ustadi ungemsaidia, lakini "bure" ilishapita zamani. Kila ratili iliyoongezwa ililipwa kwa jasho, wiki baada ya wiki.

Ndiyo maana uzito ulikuwa suala la kazi na haki. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi, anaonyesha kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wenye desturi zao kuhusu mzigo, mwendo na posho. Kiongozi wa msafara akivuka mpaka, waligoma. Akikaidi, wengine walitoroka usiku, na yeye akabaki na mali isiyokuwa na wa kuibeba.

Hata wageni walilazimika kujifunza hesabu hii. Henry Morton Stanley, alipojiandaa Zanzibar mwaka 1871, alinunua boti mbili akazibandua mbao za nje na kubakiza mifupa yake, ili baadaye aivike turubai. Kila fungu lilitakiwa lisizidi ratili 68, karibu kilo 31. Kwa lugha ya leo, alikuwa anapunguza gramu. Tofauti ni kwamba mwendesha baiskeli anapunguza mzigo anaousukuma mwenyewe, wakati mzigo wa Stanley ulikuwa begani kwa mtu mwingine.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi wa masafa marefu ikafifia. Vijijini, baadaye, baiskeli ndiyo iliyochukua mzigo. Siyo baiskeli ya gramu 200! Ni zile nzito za chuma, kama Phoenix ya China, zinazobeba magunia ya mkaa na madumu ya maji. Kwenye nyingi za aina hiyo, zile za breki za fito, usukani na shingo vimechomelewa kuwa kitu kimoja, kwa hiyo hakuna cha kuchagua. Chuma ni kizito karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule, lakini kikipinda fundi atakinyoosha chini ya mwembe. Kaboni ikipata ufa, hainyooshwi.

Je, hizo gramu zinasaidia? Tufanye hesabu. Wewe na baiskeli yako mna kilo 90, unapanda mlima kwa saa nzima. Ukipunguza gramu 200, umepunguza asilimia 0.22. Utafika juu sekunde 8 hivi mapema. Kwa mshindani ni kitu. Kwa anayepeleka mkaa mjini, si kitu.

Na nembo? Uzito wa rangi yake ni mdogo mno kuingia kwenye hesabu. Ila jina lina nguvu yake. Kitambaa kilichopendwa sana na misafara kiliitwa merikani, kwa sababu kilitoka Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, vilikata ugavi, na vitambaa vya Uingereza na India vikaingia sokoni. Baadaye hata kitambaa kilichofumwa kwingine kiliendelea kuitwa merikani. Jina lilishaachana na kiwanda.

Kwa hiyo ukitaka kufuta nembo kwenye usukani wako, futa, hakuna ubaya. Stika ipashe joto kidogo kisha ibandue taratibu. Kwenye kaboni usipige msasa hadi kufikia nyuzi: unazidhoofisha, na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Muhimu zaidi, usifute maandishi yote bila kuyasoma. Pale karibu na boliti kuna namba ndogo, mara nyingi 5 Nm, inayokuambia mwisho wa kukaza. Hiyo si tangazo la kampuni. Ni kama zile ratili 68: mpaka ambao ukivukwa, kuna kitu kitavunjika.