Silinda ya 1024

Mnamo Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kuwa anatunga mfumo wa kuendeshea kompyuta. Aliwaonya wasomaji wake kuwa yamkini hautapata kutumia diski ila zile za namna ya AT, kwani ndizo alizokuwa nazo. Mfumo huo ndio Linux, na ni diski hizo hizo zilizowasumbua walioufuata.

Asili ya taabu ilikuwa hesabu. Kila sekta, yenye baiti 512, ilitafutwa kwa nambari tatu: silinda, kichwa na sekta. Bayosi, yaani programu ndogo iliyomo ndani ya mashine na inayoiamsha, iliweza kuhesabu silinda 1024, vichwa 256 na sekta 63. Kidhibiti cha diski kiliweza silinda 65,536, vichwa 16 na sekta 255. Peke yake, Bayosi ilifika baiti bilioni 8.4, kidhibiti kilipita bilioni 136. Lakini vilipolazimika kusemezana, kila nambari ilishuka ikawa ile iliyo ndogo: 1024 mara 16 mara 63 mara 512, yaani baiti 528,482,304 basi. Ndoa ya majitu mawili ikazaa kitoto!

Waundaji wa Bayosi wakabuni hila: silinda zikagawanywa kwa mbili au zaidi, na vichwa vikazidishwa kwa kadiri ile ile. Walakini si wote waliofuata njia moja. Linux, ikisha kuamka, ilisema na kidhibiti bila Bayosi. Lakini LILO, programu iliyoiamsha, iliitegemea Bayosi. Basi diski iliyohamishiwa mashine nyingine iliweza kukataa kuamka, kwa kuwa anwani zilizoandikwa kwa hesabu moja zilisomwa kwa nyingine. Mwenyewe alidhani diski imekufa, akashawishika kuifuta, kumbe kazi zake zote zi salama ndani.

LILO ilikuwa na hisani moja: iliandika herufi za jina lake kwa kadiri ilivyoendelea. Fundi aliyeona LI tu alishuku hesabu kwanza. Aliiamsha mashine kwa disketi, akaiagiza LILO iandike anwani kwa kuhesabu sekta mfululizo tangu sifuri. Wenye hadhari walikwisha kutenga sehemu ndogo mwanzoni mwa diski, chini ya silinda ya 1024, wakakiweka kiini cha Linux humo. Bayosi za baadaye zilijifunza hesabu hiyo ya mfululizo, na mpaka ukaondoka. Lakini desturi ya kutenga sehemu ile ilidumu kwa wengi miaka mingi.