Chura, Vidonge vya Majira na Siku Zilizochelewa

Huku kampasi ni msimu wa mitihani, na kila msimu wa mitihani lazima hosteli ya wasichana awepo mtu anayehesabu siku kwa vidole. Alimeza vidonge wiki mbili, akaruka siku nne, akaendelea, na sasa mwezi umepita hajaona kitu. Mimi nasomea ualimu wa historia, basi nikajiuliza: hivi waliotutangulia walikuwa wanajuaje?

Jibu la kwanza limo kwenye lugha yenyewe. Tunasema mwanamke yuko mwezini. Kwetu Rusimbi mwezi tunaujua vizuri, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishika wavuvi wa Kibirizi na Katonga wanapumzika. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, karibu sawa na mzunguko wa wanawake wengi. Aliyezoea kuona siku zake mwezi mwandamo, akikuta mwezi umekuwa duara yeye bado, alianza kuwaza. Lakini hakika aliipata mtoto alipocheza tumboni, yaani mwezi wa nne au wa tano. Miezi yote hiyo ni kukisia tu!

Maabara zilichelewa sana kuingia. Mwaka 1927 kule Berlin, Aschheim na Zondek waligundua kwamba mkojo wa mjamzito ukidungwa kwa panya wachanga, ovari zao zinabadilika. Ila ilibidi panya auawe na kupasuliwa ndipo jibu lionekane. Halafu akaja chura wetu wa Afrika. Mwingereza Lancelot Hogben alikuwa akifundisha Cape Town, na kutokana na kazi aliyoianza huko miaka ya 1930 ikajulikana kuwa chura jike wa kusini mwa Afrika akidungwa mkojo wa mjamzito hutaga mayai ndani ya siku moja. Na haitaji kufa, anapumzishwa halafu anatumika tena. Vyura wakasafirishwa kwenda Ulaya na Marekani kwa maelfu, na wakatumika mpaka miaka ya 1960. Sijui kwa nini hili hatukufundishwa sekondari, lingetuchangamsha kuliko orodha ya mikataba.

Sasa angalia jambo moja. Zama zote hizo jibu alilipata daktari kwanza, mwanamke alisubiri kuambiwa. Mwaka 1967 mchoraji wa kampuni ya dawa ya Organon huko Marekani, Margaret Crane, aliona vipimo maabara akasema hivi mbona mtu anaweza kujifanyia nyumbani? Wakubwa wake walisita. Kipimo chake kikaanza kuuzwa Kanada mwaka 1971, na Marekani kwenyewe ikasubiri hadi 1977. Vile vijiti vya siku hizi vya duka la dawa vinatafuta homoni ileile iliyomtagisha chura, hCG.

Tanzania uzazi wa majira ulianza na chama cha hiari Dar es Salaam mwaka 1959, ndicho kilichokuja kuwa UMATI. Mwaka 1974 serikali ikaingiza huduma hiyo kwenye kliniki za mama na mtoto. Jina la kliniki tu linakuambia nani alitegemewa kuingia: mwenye mtoto tayari. Miongozo ya Wizara ya Afya ya 1994 ndiyo iliyotamka kwamba hata vijana na wasioolewa wana haki. Utafiti wa 1991-92 ulikuta wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni kama 7 kwa 100. Ule wa 2015-16 ukakuta 32.

Kwetu Kigoma mambo yalipita njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE vijiji vinavyozunguka Gombe, nia ikiwa kuokoa misitu ya sokwe. Wanavijiji walipoulizwa wakataja afya, maji na shule. Baadaye wakafundishwa wanakijiji wenyewe kupita nyumba kwa nyumba na elimu ya uzazi wa mpango, vidonge na kondomu. Kwa hiyo huko ziwani kuna akina mama waliofikiwa na majira kwa sababu ya sokwe! Nacheka lakini naheshimu. Maana kuruka vidonge si usahaulifu tu: pakiti ikiisha na zahanati iko mbali, utafanyaje?

Linalonikera ni upande wa shule. Kipimo kilekile ambacho Crane alitaka kiwe siri ya mwanamke, shule zetu nyingi zilikigeuza kuwa msako. Wasichana walipangwa foleni, wakapimwa, aliyekutwa nayo akafukuzwa. Kanuni za mwaka 2002 zilitumika kama mlango wa kumtolea nje, na Juni 2017 Rais Magufuli akatamka hadharani kwamba aliyezaa harudi shuleni. Mlango ulifunguliwa Novemba 24, 2021, Waziri Ndalichako alipotangaza wanarudi. Lakini woga haufutwi kwa waraka. Binti aliyekulia kwenye foleni ile akifika chuo siku zikachelewa, atakimbilia kujua au atakimbia asijue?

Haya ya kujua basi. Ogino wa Japani mwaka 1924, na Knaus wa Austria muda mfupi baadaye, walionyesha kwamba yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi INAYOFUATA. Maana yake yai likichelewa, kwa ugonjwa, kukonda au presha ya mitihani, hedhi nayo inachelewa bila mimba yoyote. Sindano ya miezi mitatu huweza kuikata kabisa. P2 inafanya kazi zaidi kwa kuchelewesha yai, ndani ya saa 72, na yenyewe husogeza siku mbele au nyuma. Kwa vidonge vya kawaida vya homoni mbili, ukiruka vitatu mfululizo kinga imeshuka, rudi kumeza na utumie kondomu siku 7.

Kwa hiyo kuchelewa peke yake hakukuambii kitu, wala rafiki wa chumba cha pili hakuambii kitu. Pima siku hedhi ilipotakiwa, au kama hesabu imekupotea, siku 21 baada ya tendo. Ikisema hapana na bado kimya, rudia baada ya wiki. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo usisubiri kipimo, nenda hospitali siku hiyohiyo, mimba inaweza kuwa nje ya kizazi.

Jumatatu nina karatasi ya saikolojia ya elimu, naishia hapa. Wa Kigoma mnaojua bibi zetu walihesabuje, nipeni habari.