Viza Iliyoanzia kwa Malori

Kabla Schengen iwe viza, ilikuwa kelele za madereva wa malori. Mapema 1984, wakiwa wamechoka kulala foleni forodhani, madereva waliziba barabara Ufaransa. Julai hiyo hiyo, Ufaransa na Ujerumani Magharibi zikakubaliana kulegeza ukaguzi. Tarehe 14 Juni 1985 zikaungana na Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg kutia saini mkataba ndani ya meli, mtoni Moselle, karibu na kijiji cha Schengen. Hakuna rais aliyejisumbua kuja.

Vizuizi viliondoka Machi 1995. Miaka kumi yote ya nini? Swali lilikuwa nani atalinda mlango wa nje, na hapo ndipo sisi tunaingia kwenye hadithi, ama tuseme tunaachwa nje. Mkataba wa 1990 ulileta viza moja na kompyuta za pamoja zenye majina ya wasiotakiwa.

Kwa hivyo Mkenya mwenye viza ya Ufaransa anaweza kupanda treni hadi Brussels, lakini siku zake ni 90 katika kila 180, nchi zote zikihesabiwa pamoja. Ukimaliza 60 Paris, Roma inakudai 30 tu. Lori linapita. Wewe ukaguzi wako ulishaanza Nairobi, na stetimenti ya benki mkononi.